Mali mbovu, haki nzima

Ingia duka la vifaa vya umeme Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, na hutakosa kulikuta tangazo lile lile. Pengine limechapwa chini ya risiti kwa herufi ndogo, pengine limebandikwa ukutani nyuma ya keshia: mali ikishauzwa hairudishwi. Wanunuzi wengi hulisoma na kulikubali kama wanavyokubali nauli ya daladala. Blenda ikiungua siku ya pili, simu ikizima baada ya wiki, friji likikataa kugandisha, mtu hunung'unika, humwita fundi, hulipa mara ya pili, na mambo yakaishia hapo.

Kumbe tangazo lile halina nguvu ambayo wengi tunadhani linayo. Sheria za Tanzania na Kenya zinamwekea mnunuzi ulinzi ndani ya mauzo yenyewe, muuzaji autaje asiutaje, atoe waranti asitoe. Mlaji wa kwetu hakukosa haki. Alichokosa ni njia fupi ya kuifikia. Ushahidi wa kasoro anatakiwa autafute mwenyewe, gharama ya kudai mara nyingi inazidi bei ya kitu kinachodaiwa, na vyombo vinavyosimamia soko vimezoea kumwadhibu mfanyabiashara kuliko kumrudishia mnunuzi fedha yake. Makala haya yanaifuata njia hiyo hatua kwa hatua, hadi pale inapokatika.

Ahadi ambazo hazikuandikwa

Kenya ina Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 31. Tanzania Bara ina ya kwake, Sura ya 214. Zote mbili zilinakiliwa karibu neno kwa neno kutoka sheria ya Uingereza ya mwaka 1893, zikaletwa huku na serikali za kikoloni mwanzoni mwa miaka ya 1930. Kwa karne kadhaa kabla ya hapo mahakama za Uingereza zilimwambia mnunuzi afungue macho kabla ya kulipa. Akishalipa, shauri yake. Karne ya 19 viwanda vilipoanza kumwaga bidhaa sokoni, na watu wakawa wananunua vitu ambavyo hawakuona vikitengenezwa, majaji waliulegeza msimamo huo kidogo kidogo. Sheria ya 1893 ndiyo iliyokusanya maamuzi yao mahali pamoja.

Humo mna masharti matatu yanayomhusu kila anayenunua. La kwanza, bidhaa ilingane na maelezo yake. Ukiambiwa simu ina hifadhi ya GB 128 na ndani mkawa na 32, umeuziwa kitu kingine kabisa, hata kama kinapiga na kupokea. La pili, kama ulimweleza muuzaji kazi unayoitakia bidhaa, ukategemea ujuzi wake akuchagulie, basi iifae kazi hiyo. Umesema unataka pampu ya kisima cha mita 40, akakupa ya kisima cha mita 15. Pampu yenyewe ni nzima, lakini aliyekosea ni yeye. La tatu, bidhaa iliyonunuliwa kwa mtu anayefanya biashara ya bidhaa za aina hiyo iwe na ubora wa kuuzika: mnunuzi mwenye busara, akiijua hali yake halisi, bado angekubali kuinunua kwa bei ile.

Mipaka ipo. Sharti la tatu linamfunga mfanyabiashara. Jirani anayekuuzia kochi lake kuukuu kwa sababu anahama, halimfungi. Bei na maelezo navyo huingia kwenye mizani. Suruali ya mtumba haitarajiwi kuwa mpya, na hakuna hakimu atakayekusikiliza kwa sababu goti limepauka. Lakini friji lililotumika, hata likiwa limeshuka kutoka Dubai na kuuzwa nusu bei, liliuzwa kama friji. Lisipogandisha, aliyeliuza hajatimiza ahadi.

Kesi iliyoyapa masharti haya sura ya kibinadamu ilitokea Adelaide, Australia. Mwaka 1931 daktari mmoja, Richard Grant, alinunua dukani nguo za ndani za sufu. Alipozivaa alianza kuwashwa, vipele vikaenea mwili mzima, akalazwa hospitali kwa miezi. Ilibainika kuwa kemikali ya salfaiti iliyotumika kiwandani ilibaki kwenye sufu bila kusafishwa vizuri. Hakuna jicho ambalo lingeiona dukani. Shauri lilifika Baraza la Mfalme mjini London, ambalo wakati huo ndilo lilikuwa ngazi ya mwisho ya rufaa kwa Kenya na Tanganyika pia, na mwaka 1935 Grant alishinda pande zote mbili: muuza duka aliwajibika kwa mkataba wa mauzo, na kiwanda kikawajibika kwa uzembe. Muuza duka hakuzitengeneza nguo zile wala hakujua zina nini. Haikumsaidia. Aliziuza, kwa hiyo alizibeba.

Mnunuzi wa Afrika Mashariki auzingatie uamuzi huo, maana jibu la kwanza atakalopewa dukani ni lile lile alilolitegemea mwenye duka wa Adelaide: "Sisi hatutengenezi, sisi tunauza tu." Kuuza tu kunatosha kisheria kumfanya mtu awajibike.

Wazo la kurudisha mali yenye kasoro halikuja na meli ya Mwingereza pekee. Kwenye fiqhi ya biashara, ambayo watu wa Pwani na Visiwani wameishi nayo kwa karne nyingi, kuna khiyari ya aibu: mnunuzi akigundua kasoro iliyokuwepo kabla ya mauzo, ambayo hakuijua na ambayo inapunguza thamani ya kitu, ana hiari ya kukirudisha na kudai bei yake. Muuzaji anayeijua kasoro ana wajibu wa kuitaja. Kwa hiyo anayesema kurudisha bidhaa ni mambo ya Wazungu na maduka yao makubwa anaisahau hata mila ya soko lake mwenyewe.

Balbu iliyowaka kwenye kaunta

Wauza duka wetu wamebuni kinga yao. Ukinunua balbu, muuzaji huichomeka kwenye soketi ya kaunta mbele yako. Ikiwaka, anaichomoa, anairudisha kwenye boksi na kukukabidhi: "Umeiona mwenyewe, kaka, inawaka." Televisheni nayo huwashwa, rimoti hubonyezwa mara mbili tatu, sauti hupandishwa na kushushwa. Pasi hushikwa mkono mpaka ipate moto. Kuanzia hapo, kwa kauli ya dukani, kila kitakachotokea ni chako.

Utaratibu huu si mbaya. Huokoa safari nyingi za bure, na mnunuzi makini ataudai mwenyewe. Kosa ni kuupa maana isiyo yake. Sheria inasema mnunuzi aliyeikagua bidhaa hawezi kulalamikia kasoro ambazo ukaguzi ule ulipaswa kuzionyesha. Haiendi mbali zaidi ya hapo. Balbu kuwaka sekunde tatu kunaonyesha kuwa inawaka sasa. Hakuonyeshi kwamba itamaliza mwezi. Ufa kwenye kioo cha televisheni ungeuona kaunta, na usipousema umeukubali. Kompresa inayovujisha gesi huwezi kuiona, hata ungekaa dukani mchana kutwa.

Kadi ya waranti ina kazi gani?

Ichukue kadi ya waranti ya friji la kawaida uisome yote, kazi ambayo watu wachache huifanya siku ya kununua. Juu imeandikwa mwaka mmoja kwa herufi kubwa. Chini yake masharti yanaanza kupunguza: waranti ni ya kompresa peke yake, haihusu hitilafu ya umeme, haihusu taa, mpira wa mlango wala rangi, inakufa kifaa kikifunguliwa na fundi asiye wa kampuni, inakufa stika ikibanduka, inakufa kadi isipogongwa muhuri siku ya mauzo. Ukimaliza kusoma, umebaki na ahadi nyembamba sana.

Mazungumzo yanayofuata friji likiharibika yanajulikana. Mama amekodi kirikuu, amelirudisha.

"Mama, waranti ni ya kompresa tu. Hili lako ni tatizo la umeme wa kwenu."

"Umeme wa kwetu mbona haujaunguza kitu kingine?"

"Hiyo sasa mpigie fundi wa kampuni, namba iko kwenye kadi. Sisi hapa ni maduka tu."

Katika maneno hayo machache kuna mambo mawili ya kuyapinga. La kwanza, kadi ile ni ahadi ya nyongeza, kwa kawaida ya kiwanda au mwakilishi wake. Inamwongezea mnunuzi mlango mmoja zaidi wa kugonga. Haiufungi ule wa kwanza, yaani wajibu wa aliyemuuzia. Mwenye duka hawezi kumfukuza mteja kwa karatasi ambayo si yeye aliyeiandika. La pili, muda ulioandikwa kwenye kadi ni muda wa kadi. Haki ya kushtaki kwa mkataba uliovunjwa, Kenya na Tanzania Bara, inaishi miaka 6. Hii haina maana kwamba kila friji limedhaminiwa miaka 6; vitu huchakaa, na kadiri siku zinavyopita ndivyo inavyokuwa vigumu kuonyesha kwamba kasoro ilikuwepo tangu mwanzo. Ina maana kwamba kadi ya miezi 6 ikiisha, haki haijaisha nayo.

Kenya imelisema hili waziwazi kuliko majirani zake. Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mtumiaji haki ya bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa habari za kumwezesha kufaidika nazo, na haki ya fidia kwa hasara au madhara yatokanayo na kasoro. Nchi chache zimeiweka haki ya mnunuzi kwenye katiba. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012 ikafuata, ikasema muuzaji anahesabika kuwa amethibitisha ubora wa bidhaa, na kwamba maneno yoyote ya mkataba yanayojaribu kuufuta wajibu huo ni batili. Tangazo la ukutani, likitumiwa kukataa bidhaa yenye kasoro, linaangukia humo humo.

Tanzania Bara ilipitia njia nyingine. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, iliyounda Tume ya Ushindani, FCC, ina sehemu nzima kuhusu masharti yanayoingia yenyewe kwenye mikataba ya walaji, nyingine kuhusu wajibu wa mtengenezaji, na nyingine kuhusu usalama wa bidhaa. Inakataza pia kauli za kupotosha sokoni. Tume hiyo imejipa kazi ya kukagua kile inachokiita mikataba inayoandaliwa na upande mmoja, ile ambayo mlaji hukuta imekwisha kuandikwa na kazi yake ni kusaini au kuondoka. Maneno ya risiti na kadi za waranti ni ya ukoo huo. Zanzibar ina sheria yake ya ushindani halali na kumlinda mtumiaji, pamoja na tume yake, kwa kuwa jambo hili si la Muungano.

Kasoro na kughairi

Haki hizi hazimhusu aliyebadili mawazo. Umenunua viatu, umefika nyumbani ukaona rangi haikupendezi, au shemeji yako amepata vya bei nafuu zaidi: hapo duka likikubadilishia limekutendea hisani, na tangazo la ukutani lina haki ya kusimama. Wanunuzi wanaochanganya mambo haya mawili, na wale wanaoangusha simu kwenye ndoo kisha wakarudi dukani wakiapa kwamba ilizima yenyewe, ndio wanaowapa wauzaji kisingizio cha kumfungia mlango hata mwenye haki.

Kasoro ikiwa ya kweli, mnunuzi anadai nini? Hapa sheria zetu zinaonyesha uzee wao. Zinatoa njia mbili: kuikataa bidhaa na kurudishiwa bei, au kubaki nayo na kudai fidia ya upungufu wake. Njia ya kukataa hufungwa mara mnunuzi anapohesabika kuwa ameipokea, na kuihifadhi kwa muda wa kutosha bila kulalamika kunahesabiwa kuwa ni kuipokea. Muda huo ni siku ngapi, sheria haisemi. Kila kesi na mazingira yake. Kutengenezewa, kitu ambacho ndicho wenye maduka hukimbilia, hakukutajwa kabisa.

Uingereza yenyewe imekwisha kuziacha kanuni hizo kwa wanunuzi wa kawaida. Tangu Oktoba 2015 mnunuzi wa huko ana siku 30 za kurudisha bidhaa yenye kasoro na kupewa fedha yake yote. Baada ya hapo muuzaji ana nafasi moja ya kutengeneza au kubadilisha. Ikishindikana, mnunuzi anaweza kurudisha au kupunguziwa bei. Na kasoro ikijitokeza ndani ya miezi 6 ya mwanzo, sheria inachukulia kwamba ilikuwepo tangu siku ya mauzo, mpaka muuzaji athibitishe vinginevyo. Nchi za Umoja wa Ulaya zinatakiwa kumpa mnunuzi ulinzi wa angalau miaka 2, na dhana hiyo ya kasoro ya tangu mwanzo hudumu mwaka mmoja au zaidi. Sisi tumebaki na nakala ya sheria ambayo mwenye nayo ameshaibadilisha.

Nani athibitishe?

Kati ya tofauti hizo zote, kubwa ni ya ushahidi. Kwetu anayedai ndiye anayethibitisha. Mama wa friji lazima aonyeshe kwamba kompresa ilikuwa na kasoro ilipotoka dukani, na kwamba haikuunguzwa na umeme wa mgao. Atamlipa nani amwandikie ripoti hiyo? Fundi wa mtaani anajua tatizo lilipo, ila hana cheti wala barua yenye muhuri. Fundi mwenye muhuri analipwa na kampuni ile ile. Friji la shilingi laki sita haliwezi kubeba gharama ya mtaalamu wa kujitegemea, nauli za kwenda na kurudi, na siku za kazi zilizopotea.

Mwaka 2016 uliliweka tatizo hili wazi kwa nchi nzima. Usiku wa kuamkia Juni 17, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilizima simu feki baada ya miezi ya kuwataka watu wahakiki namba tambulishi za simu zao kwa kubonyeza *#06#. Kenya ilikwisha kufanya hivyo mwaka 2012, ikazizima simu zaidi ya milioni moja na nusu kwa mkupuo. Lengo lilikuwa halali kabisa. Lakini hasara ilimwangukia nani? Simu zile ziliuzwa madukani, mchana kweupe, na wafanyabiashara waliokuwa na fremu na leseni. Zilipozimwa, aliyepoteza ni aliyekuwa nayo mfukoni. Kama alikuwa na risiti yenye jina la duka na aina ya simu, alikuwa na pa kuanzia. Wengi hawakuwa nayo.

Kasoro nyingine hujificha hadi msimu upite. Mwaka 2024 wakulima wa Kenya waligundua kwamba baadhi ya mifuko ya mbolea ya ruzuku, iliyouzwa kupitia maghala ya bodi ya nafaka ya serikali, haikuwa mbolea iliyoahidiwa. Waandishi wa habari za uchunguzi walilifichua jambo hilo mwezi Machi. Serikali ikaahidi kuwafidia wakulima walioathirika, na Mei wabunge wakapitisha hoja ya kumwondoa Waziri wa Kilimo, Mithika Linturi, kabla ya kamati teule ya Bunge kuamua kwamba madai dhidi yake hayakuthibitika. Kelele za siasa ziliifunika hoja ya msingi: mkulima aliyeweka mbolea mbovu hakupoteza mfuko tu. Alipoteza mbegu, kibarua, mvua na mavuno. Kumpa mfuko mwingine baada ya mahindi kudumaa ni kumrudishia sehemu ndogo kabisa ya alichopoteza. Sheria ya mauzo inaruhusu kudai hasara ambayo kwa kawaida ingetokana na kasoro yenyewe, na mavuno yaliyopotea ni hasara ya namna hiyo. Ila ni mkulima gani wa ekari mbili atakayeipeleka hesabu hiyo mahakamani peke yake?

Milango ya kugonga

Mlaji aliyekataliwa dukani ana milango mitatu. Wa kwanza ni wa wadhibiti: shirika la viwango, TBS, na FCC Tanzania; shirika la viwango, KEBS, na Mamlaka ya Ushindani Kenya. Hawa wana meno. Wanaweza kuingia ghalani, kukamata mzigo, kutoza faini, kuamuru bidhaa iondolewe sokoni. Taarifa za habari hutuonyesha mara kwa mara shehena za bidhaa bandia zikiteketezwa kwenye dampo, maofisa wamevaa barakoa, kamera zinapiga picha. Soko linasafishwa, na hilo ni jema. Hata hivyo aliyekwisha kununua kabla ya msako hatajwi kwenye taarifa ile. Shehena imeteketea, faini imekwenda hazina, yeye amebaki na kitu kibovu ndani.

Mlango wa pili ni mahakama, na hapa Kenya imepiga hatua ya kuigwa. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa na sheria ya mwaka 2016, ilianza kufanya kazi Milimani, Nairobi, Aprili 2021, kisha ikaenea miji mingine. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja za Kenya, yakiwemo ya mauzo ya bidhaa. Haifungwi na kanuni ngumu za ushahidi, mtu anaweza kujisemea mwenyewe bila wakili, na shauri linatakiwa liamuliwe ndani ya siku 60. Kwa mara ya kwanza, kudai fedha ya friji kumeanza kulingana na bei ya friji.

Tanzania haina mahakama ya jina hilo, ila ina Mahakama ya Mwanzo, ambayo iko karibu na watu, inaendeshwa kwa Kiswahili, na tangu mabadiliko ya mwaka 2016 inaweza kusikiliza madai ya mali inayohamishika hadi shilingi milioni 30. Uwezo upo. Kinachokosekana ni utaratibu wa pekee kwa madai ya walaji: fomu fupi, kikomo cha siku, na hakimu anayeruhusiwa kuikubali ripoti ya fundi wa mtaani kwa uzito wake. Bila hivyo, shauri la blenda linasubiri foleni moja na la mirathi, na mwenye blenda anakata tamaa kwenye tarehe ya tatu.

Mlango wa tatu ni dukani kwenyewe, na ndio unaofunguka mara nyingi kuliko yote. Wafanyabiashara wengi hubadilisha bidhaa mbovu bila ugomvi, hasa kwa mteja wanayemfahamu, kwa sababu jina la duka ni mtaji. Udhaifu wake ni kwamba unategemea sura. Mteja wa siku zote anasikilizwa. Mgeni aliyetoka Singida kununua jenereta, aliyeletwa dukani na winga, yaani dalali wa mtaani, ambaye jioni hata namba yake haipatikani, hasikilizwi.

Muuzaji naye ana wake

Si haki kumchora kila mwenye duka kama tapeli. Mwenye fremu ndogo hununua kwa jumla, mara nyingi kwa mkopo au kwa mali kauli, kutoka kwa mwagizaji ambaye naye ameandika ukutani kwake kwamba mali haipokelewi tena. Faida yake kwa balbu moja ni shilingi mia chache. Akirudishiwa kumi, wiki yake imeharibika. Anapokataa, wakati mwingine anajitetea dhidi ya hasara ambayo hana pa kuipeleka.

Lakini sheria ile ile inayomfunga yeye kwa mteja inamfunga mwagizaji kwake yeye. Naye ni mnunuzi. Akidai, mzigo utapanda ngazi hadi kwa aliyeleta kontena, mtu pekee mwenye uwezo wa kuchagua kiwanda kingine safari ijayo. Asipodai, na mteja wake naye asidai, aliyeingiza takataka nchini hana sababu ya kubadilika. Methali inasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika soko lisilorudisha chochote, vyote viwili hujiuza kwa bei moja, na aliyeagiza kibaya ndiye anayepata faida zaidi.

Biashara ya mtandaoni imeyazidisha yote haya. Duka ni ukurasa wa Instagram, risiti ni ujumbe wa malipo ya simu, na mzigo unaletwa na bodaboda anayetaka chake aondoke. Afadhali hapa ushahidi hujiandika wenyewe. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, mahakama za Tanzania zinaupokea ushahidi wa kielektroniki, kwa hiyo picha ya tangazo, mazungumzo ya WhatsApp na ujumbe wa muamala ni vielelezo halali. Ukivifuta, umejinyima haki yako mwenyewe.

Kinachotakiwa sasa

Bunge la Tanzania lina mambo mawili ya kufanya ambayo hayahitaji bajeti kubwa. Liweke dhana ya kasoro ya tangu mwanzo kwa miezi 6 ya kwanza, ili athibitishe muuzaji mwenye fundi na karatasi. Kisha liipe Mahakama ya Mwanzo utaratibu wa madai madogo wenye kikomo cha siku, kama Kenya ilivyofanya. Wadhibiti wa nchi zote mbili, kila wanapokamata shehena, watangaze namba za bidhaa na duka zilikouzwa, na wamlazimishe aliyeziuza awarudishie fedha wenye risiti. Kenya nayo isiridhike na katiba nzuri: mahakama ya madai madogo isiyofika kaunti za mbali haijawafikia wanaouziwa mbolea mbovu.

Kwako msomaji, mambo ni machache. Mamlaka ya Mapato imekuwa ikihimiza miaka yote: ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti. Yenyewe inatafuta kodi. Wewe utafute ushahidi. Hakikisha imeandikwa jina la bidhaa na modeli, isiishie kwenye "vifaa vya umeme". Ukieleza kazi unayoitakia bidhaa, ieleze kwa ujumbe wa maandishi. Kasoro ikijitokeza, acha kukitumia kitu siku hiyo hiyo, kipige picha, na umwandikie muuzaji kabla hujampa fundi yeyote akifungue. Usikubali kupelekwa kwa kampuni kabla aliyepokea fedha yako hajajibu. Na akikuonyesha tangazo lililoko ukutani, mwambie kwa adabu kwamba linawahusu walioghairi. Wewe umeuziwa kitu kibovu, na sheria iko upande wako.